Utafiti wa maigizo ya Katanga urudi redioni sasa

Yaliyoandikwa na wataalamu kuhusu maigizo, nyimbo na masimulizi ya Katanga yanatosha kujaza kabati zima, ila kabati hilo haliko mjini kwetu Likasi. Michezo ya kundi la waigizaji la Mufwankolo ilichapishwa Vienna mwaka 1981 na Walter Schicho akishirikiana na Mbayabo Ndala. Kitabu cha Johannes Fabian juu ya kundi hilohilo, Power and Performance, kilitoka Marekani mwaka 1990. Utafiti mpana wa Maëline Le Lay kuhusu tamthilia na lugha za jimbo letu, La parole construit le pays, ulitoka Paris mwaka 2014. Picha za historia alizozichora Tshibumba Kanda Matulu katika miaka ya 1973 na 1974, akazifafanua moja moja kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti, zimehifadhiwa Amsterdam.

Mali hiyo yote ilitoka vinywani mwa watu wa hapa. Waliotoa maneno yao walikuwa wafanyakazi wa migodi, waigizaji, wachoraji waliouza kazi zao mitaani na watumishi wa nyumbani. André Yav aliandika historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili mwaka 1965, kwa niaba ya watu waliowahi kuwa maboi wa Wazungu, na maandishi yake sasa ni kitabu kinachoheshimiwa katika vyuo vikuu vya mbali. Wajukuu wa watu wa aina hiyo wanaishi Kikula, Panda na Shituru. Wengi wao wamekua bila kusikia ukurasa hata mmoja wa kazi hizo ukisomwa.

Mji wetu una sababu yake ya pekee ya kuona uchungu. Mwaka 1952, ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta hapa kijana wa Bunkeya, Mwenda Jean-Bosco, akarekodi gitaa lake. Sauti hiyo ilisikika Afrika nzima na kupita mipaka yake. Hazina ya rekodi za Tracey leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Hapahapa alizaliwa, mwaka 1941, Valentin-Yves Mudimbe, ambaye kitabu chake cha 1988, The Invention of Africa, hakikosekani panapojadiliwa falsafa ya bara hili. Alifariki Aprili 2025, mbali na nyumbani. Tujiulize ni vipindi vingapi vya Kiswahili vimewahi kumweleza mama muuza mboga wa soko la Likasi kile ambacho mwana huyo wa mji alikitumia maisha yake kukisema.

Hata vita vya Septemba 1961, baina ya askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa na majeshi ya Katanga iliyojitenga, dunia imevijua kwa filamu ya mwaka 2016 iliyopigwa Afrika Kusini. Filamu hiyo inasimulia ujasiri wa watu wa Ireland, na hatuwalaumu waliotaka kuisimulia. Lakini vita hivyo vilipiganwa mlangoni petu, na kumbukumbu za wakaaji wa mji huu hazijapata jukwaa.

Njia ya kuirudisha elimu hii tunayo. Redio ndogo ya betri husikika katika kambi za zamani za kampuni ya madini ya Gécamines, katika vibanda vya soko na kwa wachimbaji wa mikono wa njia ya Kambove, hata umeme ukikatika juma zima. Haimlazimishi msikilizaji ajue Kifaransa, wala anunue megabaiti. Tangu ukiritimba wa serikali hewani ulipovunjika katika miaka ya 1990, vituo vya watu binafsi, vya makanisa na vya jumuiya vimeongezeka jimboni kote, na Radio Okapi, tangu 2002, hutangaza kwa Kiswahili sambamba na Kifaransa na lugha nyingine za taifa. Vyombo vipo. Kilichopungua ni cha kusema. Saa za hewani huuzwa kwa mwanasiasa anayetaka kusifiwa na kwa mhubiri anayetafuta waumini. Mwandishi asiye na mshahara huishi kwa coupage, yaani bahasha anayopewa na anayeandikwa habari zake. Muziki hujaza mapengo yanayobaki.

Wala redio si mgeni kwa maigizo haya, kwani ndiyo iliyoyalea. Odilon Kyembe, aliyejulikana kwa jina la jukwaani la Mufwankolo, pamoja na wenzake walijipatia umaarufu kwa michezo ya Kiswahili cha mjini iliyopita redioni na baadaye kwenye televisheni ya Lubumbashi. Ilihusu mambo ya nyumba na kambi: ndoa, pombe, deni, mshahara, jirani mwenye jicho. Hawakuandika maneno ya kukariri. Walikubaliana kisa na mpangilio wa matukio, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akayatafuta maneno yake katika mazoezi. Kwa sababu hiyo hakuna kitabu cha michezo hiyo popote, isipokuwa ile michache ambayo watafiti waliinasa na kuiandika neno kwa neno. Kanda ya mchezo ikifutika, mchezo wenyewe umekufa.

Uzito wa kilichonaswa unaonekana katika tukio moja. Mwaka 1986 Fabian, akiwa mezani na marafiki Lubumbashi, alipewa firigisi ya kuku, akaambiwa kwamba mamlaka huliwa mazima. Aliwapelekea waigizaji wa Mufwankolo msemo huo na kuwauliza maana yake. Hawakumjibu kwa sentensi moja. Walibishana, wakatunga mchezo, wakaufanyia mazoezi hatua kwa hatua, wakaenda kuucheza katika kijiji cha Kawama, ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni. Jina lake lilikuwa la Kifaransa, Le pouvoir se mange entier. Mazungumzo yake yalikuwa Kiswahili. Kisa kilikuwa cha chifu na kijiji chake, lakini nchi wakati huo ilikuwa imekaa miaka ishirini chini ya rais mmoja na chama kimoja. Kuuliza hadharani kama mamlaka yanaweza kugawanywa lilikuwa jambo la hatari, na waliothubutu kuuliza walikuwa wachekeshaji.

Mabishano hayo yote, pamoja na majaribio na marekebisho ya waigizaji, yamo katika kitabu cha Fabian, Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwanafunzi Mnyarwanda, Mmarekani au Mjapani anaweza kujifunza humo jinsi watu wa Katanga walivyofikiri juu ya utawala. Kijana wa Likasi anayepiga kura hawezi, kwa sababu hakuna aliyemsomea. Hapo ndipo tunaposema kwamba tatizo limekwisha kuvuka mipaka ya vyuo na kuwa la umma.

Hatari ya kwanza iko ndani ya kanda zenyewe. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari kwa dunia nzima: ifikapo karibu mwaka 2025, sehemu kubwa ya sauti na picha zilizo katika kanda za sumaku itapotea, kwa kuwa mashine za kuzisomea hazitengenezwi tena, vipuri vimekwisha, na mafundi wanaozielewa wanastaafu mmoja baada ya mwingine. Mwaka huo umeshapita. Joto na unyevu hufanya kazi yao bila haraka na bila kusimama: gundi inayoshikilia unga wa sumaku hulegea, kanda hunata, na ikipitishwa kwenye mashine vibaya mara moja tu huacha sauti yake kwenye kichwa cha mashine. Tena vituo vingi vya redio barani Afrika, kwa uhaba wa fedha, vilizoea kufuta kanda za zamani ili kurekodi hotuba mpya. Chochote kilichosalia kutoka enzi za redio ya Zaire, Voix du Zaïre, na shirika lake la utangazaji, OZRT, hadi redio na televisheni ya taifa ya leo, RTNC, kimebaki kwa bahati, na bahati hiyo haina mkataba nasi.

Hatari ya pili iko kwa watu. Maigizo haya yalikua katika ulimwengu wa kampuni. Union Minière, kisha Gécamines, ziliendesha shule, hospitali na vilabu vya starehe ambamo wafanyakazi walicheza ngoma, wakaimba, wakaigiza. Ulimwengu huo ulianguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, uzalishaji wa shaba ukaporomoka, na mpango wa kuondoka kwa hiari wa miaka ya 2003 na 2004 ukawaacha wafanyakazi zaidi ya 10,000 bila kazi, wengi wao wakiwa watu wazima wenye kumbukumbu ya miongo mitatu au minne ya maisha ya kambi. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 chini ya Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, ulikusanya sehemu ya kumbukumbu hizo kwa ajili ya mji mkuu wa jimbo. Likasi haijapata mradi wa kadiri hiyo. Kila mwezi tunaweka makaburini watu ambao walikuwa jukwaani au mbele ya jukwaa, na hakuna anayewafuata na kinasa sauti.

Hatari ya tatu ndiyo tunayoitaja kwa tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu mji huu uliionja. Hewa isiyojazwa na elimu haibaki tupu. Miaka ya 1992 na 1993, maneno ya siasa yaliyosikika mikutanoni na hewani yaliwaita majirani zetu wenye asili ya Kasai "bilulu", wadudu. Watu walifukuzwa majumbani mwao, na makumi ya maelfu walirundikana wakisubiri treni, wengi wao hapa hapa kwenye stesheni ya Likasi, ambako watoto na wazee walikufa kwa njaa na magonjwa. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameandika juu ya jinsi miji ya migodi ilivyojengwa na watu waliotoka pande zote, na jinsi Kiswahili cha kambi kilivyokuwa lugha isiyo mali ya kabila lolote. Waigizaji walilijua hilo bila kulisoma. Wachekeshaji wao walimcheka kila mtu kwa zamu. Maneno ya kuwagawa wakaaji wa Katanga yamesikika tena katika miaka ya karibuni. Msikilizaji ambaye hajawahi kusimuliwa historia ya mji wake ni mteja rahisi wa maneno hayo.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba redio ni ya burudani na utafiti ni wa darasani. Tanzania iliijibu hoja hiyo zamani. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati juu ya uzazi wa majira na ukimwi. Kwa miaka miwili eneo la Dodoma liliachwa bila matangazo hayo ili watafiti waweze kulinganisha, na walipolinganisha walikuta kwamba mchezo ulikuwa umebadilisha mwenendo wa wasikilizaji. Wataalamu na waigizaji walifanya kazi moja, na mkulima akafaidika. Kama mchezo wa redio unaweza kubadilisha mambo ya chumbani, hatuoni kwa nini ushindwe kufundisha historia.

Ya pili ni ya lugha. Wapo walimu na watangazaji wanaoona haya Kiswahili cha Katanga, chenye Kifaransa ndani yake na viambishi visivyofuata vitabu vya Dar es Salaam, na ambao wangependa kanda za zamani zisafishwe kabla ya kutangazwa. Gazeti hili huandikwa kwa Kiswahili sanifu na litaendelea hivyo. Lakini kumsahihisha Mufwankolo ni kumnyang'anya kichekesho chake. Mtangazaji aeleze kwa Kiswahili anachokipenda. Kanda isemwe kama ilivyosemwa.

Ya tatu ni fedha, na hii ndiyo inayotuudhi zaidi, kwa maana lori za shaba na kobalti hazijaacha kupita. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mapato yao ya mauzo kwa miradi ya maendeleo ya jamii, na inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa mamlaka ya mtaa ambako mgodi upo. Visima na madarasa vinahitajika, hatubishi. Hata hivyo mashine mbili za kusomea kanda zilizofufuliwa, kompyuta, diski za kuhifadhia na posho ya mafundi wawili kwa mwaka ni gharama ambayo kampuni ya madini hutumia bila kujadili kwenye sherehe ya kukata utepe. Katiba ya 2006 inaitaka dola ikuze Kiswahili pamoja na lugha nyingine za taifa, na inatambua haki ya utamaduni na ya utafiti wa kisayansi. Haki hizo haziwezi kutimizwa kwa bendera na hotuba.

Kuna pia lawama ambayo vyuo vyetu haviwezi kuikwepa. Tangu mwaka 1971, chuo kikuu cha taifa, UNAZA, kilipokusanya masomo ya fasihi na lugha ya nchi nzima Lubumbashi, wanafunzi wameandika tasnifu juu ya maigizo, ngano, methali na nyimbo za mikoa yote. Zilitetewa mbele ya jopo, zikafungwa jalada, zikapangwa rafuni. Mwanakijiji aliyempa mwanafunzi ngano yake hakupata nakala, na kama angepata asingeweza kuisoma. Tunawalaumu Wazungu kwa kuhamisha hazina zetu, na ni haki. Lakini rafu ya Lubumbashi iliyofungwa iko mbali na Kikula sawa na rafu ya Vienna.

Uamuzi wetu ni huu. RTNC Lubumbashi ipige marufuku leo kufutwa kwa kanda yoyote ya zamani na itoe hadharani orodha ya zilizobaki, pamoja na hali ya kila moja. Kanda za maigizo ziwe za kwanza kunakiliwa, kabla ya hotuba za wakubwa, ambazo nakala zake hazikosekani kwingine. Serikali ya jimbo na meya wa Likasi waweke kazi hiyo kwenye bajeti ya mrabaha, kwa jina na kwa kiasi, ili mwananchi aweze kuuliza fedha zilikokwenda.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Chuo Kikuu cha Likasi viweke sharti kwamba tasnifu yoyote juu ya utamaduni wa jimbo iambatane na kipindi cha nusu saa kwa Kiswahili, kilichotengenezwa na mwanafunzi mwenyewe na kutangazwa kabla hajapewa shahada. Mwanafunzi atakayeshindwa kumweleza fundi cherehani kile alichokigundua atakuwa na kazi ya kufanya bado. Vyuo hivyo viandike pia rasmi kwa Vienna, Amsterdam na Makhanda kuomba nakala za sauti zilizorekodiwa Katanga. Ombi hilo si la ajabu: katika muongo uliopita rekodi za Tracey zilirudishwa kwa Wakipsigis wa Kenya, na wazee wakazisikia sauti za jamaa zao vijijini mwao.

Kwa redio za mji huu, za kanisa, za biashara na za jumuiya, tunaomba saa moja kwa juma, jioni, watu wakiwa nyumbani, si usiku wa manane. Anzeni na kilichopo: Kiswahili cha André Yav na cha Tshibumba kimeshachapishwa, ruhusa inaweza kuombwa kwa barua, na kukisoma vizuri kunahitaji sauti mbili na meza. Kisha mzee mmoja wa kambi aitwe studio aseme alipokubaliana na alipokataa, na kanda ya maneno yake ihifadhiwe pamoja na nyingine. CSAC, mamlaka ya kusimamia vyombo vya habari, inayojua kufungia vituo kwa haraka, itumie haraka hiyohiyo kuvidai vituo hivi vipindi vya utamaduni.

Mvua za Katanga zitaanza tena Novemba, na unyevu utaingia katika vyumba vya kanda kama uingiavyo kila mwaka. Orodha tunayoidai kwa RTNC itoke kabla ya hapo, na mafundi wastaafu wa iliyokuwa OZRT, wanaojua kuziendesha mashine za kanda, waitwe kazini kwa mkataba na malipo mwezi huu huu.